Mwanangu ana miezi 16 na bado hatembei. Mama mkwe asema nimembemenda

SWALI

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi na mume wangu pamoja na mama mkwe pembezoni mwa mji wa Morogoro. Ninakuandikia kuhusu mwanangu wa pili, wa kiume, ambaye mwezi huu ametimiza miezi 16 na bado hajapiga hata hatua moja bila kushikwa. Dada yake alitembea akiwa na miezi 11, na kila mgeni anayeingia nyumbani kwetu humtazama huyu mdogo, kisha hunitazama mimi, halafu huuliza kama mtoto ni mzima.

Mtoto huyu alizaliwa kabla ya wakati, mimba ikiwa na wiki 34, nasi tulilazwa katika wodi ya watoto njiti mpaka alipoongezeka uzito. Tangu hapo hajaugua ugonjwa mkubwa, ni mafua na homa za kawaida tu. Alikaa mwenyewe alipokaribia miezi 9. Hakutambaa kamwe kwa mikono na magoti. Yeye husota kwa makalio, tena kwa kasi, akijivuta kwa mguu. Tangu alipotimiza mwaka hujiinua kwa kushika kochi na kusimama, na siku hizi husogea hatua mbili tatu pembeni akiwa ameshikilia, ila akiachia tu hukaa chini papo hapo. Anaitika akiitwa jina, anasema mama na baba, na huonesha kwa kidole kitu anachokitaka. Bado ananyonya, na anakula uji pamoja na chakula cha nyumbani.

Linaloniumiza zaidi ni maneno. Mama mkwe anasema nimembemenda mtoto. Anaamini kwamba, kwa kuwa mimi na mume wangu tulirudiana kitandani mtoto akiwa bado mchanga, maziwa yangu yameharibika na ndiyo yaliyomlegeza miguu. Anataka tumpeleke kwa mganga akachanjwe chale na kuogeshwa dawa, na jirani mmoja ameshauri tumfukie mchangani hadi kiunoni kila asubuhi. Mume wangu hasemi neno. Alichofanya ni kumnunulia mtoto kile kigari cha magurudumu ambamo huketishwa huku miguu ikigusa sakafu, na sasa anashinda humo. Kwenye duka la dawa nimeambiwa ninunue kalsiamu.

Tulipokwenda kliniki mara ya mwisho, muuguzi alimpima uzito, akaandika kwenye kadi, akaniambia kwamba watoto wa kiume huchelewa, kwa hiyo nisubiri. Nisubiri mpaka lini? Na je, ni kweli kosa ni langu?

Mama wa Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa naona ndilo linalokunyima usingizi. Kosa si lako. Maziwa ya mama hutengenezwa ndani ya matiti kutokana na damu yake mwenyewe, na hakuna njia yoyote ambayo tendo la ndoa linaweza kuyafikia, kuyachafua au kuyageuza kuwa kitu cha kumdhuru mtoto. Endelea kumnyonyesha mwanao bila hofu mpaka atimize miaka 2 au zaidi, kama wataalamu wa afya wanavyoshauri, kwa sababu mtoto njiti ana haki ya maziwa hayo kuliko mtoto mwingine yeyote.

Hata hivyo sitaki umdharau mama mkwe wako. Wazee waliotuachia katazo hilo walikuwa wameona jambo la kweli: mama akishika mimba nyingine mapema, mtoto aliyeko kifuani aliachishwa ziwa kabla ya wakati, akakosa lishe, akadhoofu, na mtoto aliyedhoofu kwa njaa kweli huchelewa kusimama. Kilichomdhoofisha ni kukosa chakula na matunzo, wala si wazazi wake kukutana. Ubaya wa shutuma hii ni kwamba humfanya mama aone aibu kumtoa mtoto mbele za watu, na katika miaka niliyofanya kazi kliniki niliona akina mama waliokuja wakiwa wamechelewa sana, si kwa kukosa nauli, bali kwa sababu waliogopa kuulizwa walikuwa na nani na lini.

Sasa tuje kwa mtoto mwenyewe, na kwanza kabisa turekebishe hesabu ya umri wake. Umetaja kwa kupita tu kwamba alizaliwa mimba ikiwa na wiki 34, lakini hilo ndilo neno muhimu kuliko yote katika barua yako. Mimba kamili huhesabiwa wiki 40, kwa hiyo mwanao aliwahi kwa wiki 6, yaani karibu mwezi mmoja na nusu. Katika kupima maendeleo ya mtoto njiti, hadi atimize miaka 2, tunaondoa muda huo aliowahi. Kwa hiyo usimpime kama mtoto wa miezi 16, mpime kama mtoto wa miezi 14 na nusu. Vivyo hivyo, kukaa kwake akikaribia miezi 9 kulikuwa sawa na kukaa kwa mtoto wa miezi 7 na nusu aliyezaliwa kwa wakati, na hapo hapakuwa na kuchelewa kokote.

Kuhusu kutembea, Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto 816 wenye afya na lishe nzuri katika nchi za Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na matokeo yakatolewa mwaka 2006. Nusu ya watoto hao walikuwa wakitembea wenyewe walipofika karibu mwaka mmoja, lakini waliowahi kabisa walianza wakiwa na miezi 8, na waliochelewa kabisa walikaribia miezi 18. Wote hao walikuwa wazima. Binti yako wa miezi 11 na mtoto wa jirani wa miezi 17 wangeweza kuwa sawa kwa afya, na wakifika umri wa kwenda shule hakuna mwalimu ambaye angeweza kujua nani aliwahi. Ilionekana pia kwamba takribani watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kamwe kwa mikono na magoti, kama mwanao. Lile la kwamba wavulana huchelewa lina msingi mdogo sana. Tofauti baina yao na wasichana katika kuanza kutembea si kubwa kiasi cha kuwa jibu la kumpa mama aliyekuja na wasiwasi.

Watoto wanaosota kwa makalio wana tabia yao. Kwa kuwa wamekwisha kupata njia ya kufika wanakotaka, tena huku mikono ikiwa huru kushika vitu, hawana haraka ya kusimama dede, na wengi wao hutembea baadaye kuliko wenzao waliotambaa. Baadhi huanza baada ya mwaka mmoja na nusu na wakaendelea vizuri tu. Mara nyingi jambo hili hurithiwa katika ukoo. Hapa mama mkwe wako anaweza kuwa msaada mkubwa kuliko mganga anayetaka kumwendea, kwa sababu yeye ndiye anayejua kama mumeo au ndugu zake nao walisota na walitembea wakiwa na umri gani. Muulize kwa heshima, na jibu lake uende nalo hospitali.

Mambo mengi uliyoyaeleza yananipa moyo. Mtoto anaitika, anaonesha kwa kidole, anasema maneno mawili, anajiinua mwenyewe na anasogea akishikilia kochi. Huyu ni mtoto ambaye akili na misuli yake vinaelekea mbele, na mtoto anayeelekea mbele, hata kwa mwendo wa pole, hutupa wasiwasi mdogo kuliko yule aliyesimama mahali pamoja au anayepoteza alichokuwa amekijua.

Pamoja na hayo yote, sikubaliani na ushauri wa kukaa nyumbani na kusubiri. Watoto waliozaliwa njiti wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa mwendo na misuli unaotokana na ubongo kuumia, na ule unaowapata wao mara nyingi huanzia miguuni, mtoto akiwa mchangamfu na mwenye akili timamu kabisa, ila miguu yake ni migumu. Sisemi mwanao anao. Barua yako haionyeshi hivyo. Ninachosema ni kwamba kipimo cha uzito peke yake hakiwezi kuuondoa wasiwasi huo, na mtoto mwenye historia kama yake anastahili kuvuliwa nguo, kulazwa kitandani na kuchunguzwa kwa mikono ya mtu anayejua anachokitafuta. Jambo hilo lifanyike mwezi huu.

Kabla ya kwenda, mtazame wewe mwenyewe kwa utulivu kwa siku kadhaa, hasa wakati wa kumwogesha. Unaposema anajivuta kwa mguu, angalia kama ni mguu ule ule daima, na kama mkono wa upande wa pili nao hautumii sana. Mtoto wa umri huu anapaswa kutumia mikono yote miwili, na anayeng'ang'ania mmoja tu huenda upande wa pili una udhaifu. Akisimama kwenye kochi, angalia kama nyayo zote zinalala sakafuni au anasimama kwa vidole muda wote. Ukimnyanyua kwa makwapa, je, miguu yake inapishana na kukakamaa kama mkasi, au inaning'inia kwa ulegevu kana kwamba haina nguvu? Unapombadilisha nepi, mapaja yafunguke kwa usawa kulia na kushoto, na miguu iwe na urefu mmoja. Geuza mgongo wake uone kama sehemu ya chini, juu kidogo ya makalio, ina kishimo kirefu, uvimbe au kishungi cha nywele. Ukiona kasoro yoyote katika hayo, usingoje tarehe ya kliniki. Na kama ingetokea siku aache kufanya jambo alilokuwa akilifanya, kwa mfano ashindwe tena kusimama au kukaa, hiyo ni dharura na umpeleke siku hiyo hiyo.

Ukifika kituoni, usiseme tu kwamba mtoto hatembei, maana utajibiwa tena kwamba atatembea. Sema hivi: alizaliwa kwa wiki 34, alilazwa wodi ya njiti, sasa ana miezi 16, anasimama akishikilia lakini haachii, naomba daktari amchunguze misuli, nyonga, mgongo na miguu. Kama alipata manjano makali, degedege, au alichelewa kulia alipozaliwa, lieleze hilo bila kuulizwa, na chukua karatasi za kuruhusiwa kutoka wodini ikiwa bado unazo. Omba pia apimwe mzunguko wa kichwa na wingi wa damu, kwa sababu watoto njiti huzaliwa na akiba ndogo ya madini ya chuma, na upungufu wa damu humfanya mtoto achoke na asipende kujaribu. Ikiwa kituo hakina mtu wa kufanya uchunguzi huo, omba rufaa kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, ambako uulizie idara ya mazoezi tiba. Kwa matatizo makubwa zaidi, huko Dar es Salaam kuna hospitali ya Muhimbili, na kuna hospitali ya CCBRT ambayo imewahudumia watoto wenye ulemavu kwa miaka mingi. Rufaa ni haki ya mtoto, na kuiomba kwa upole lakini kwa msimamo si utovu wa adabu.

Uliniuliza usubiri mpaka lini. Akichunguzwa sasa na kukutwa yuko sawa, mpe nafasi mpaka atimize miezi 18 kwa ile hesabu iliyorekebishwa, yaani miezi 19 na nusu tangu siku aliyozaliwa. Akifika hapo bila kutembea, hata kama ni msotaji na hata kama baba yake alichelewa, arudi kwa daktari kwa vipimo zaidi. Kwa kuwa ni mtoto wa kiume, wakati huo mwombe daktari afikirie kipimo cha damu cha kimeng'enya cha misuli, yaani kemikali ambayo misuli iliyoumia huimwaga kwenye damu, kwa maana yako magonjwa ya misuli ya kurithi ambayo huwapata wavulana zaidi na dalili yake ya awali huweza kuwa ni huko kuchelewa kutembea. Yapo kwa nadra, lakini kuyajua mapema kunabadilisha matunzo ya mtoto na mipango ya wazazi wake.

Kile kigari kiondoe leo. Najua mumeo alikinunua kwa mapenzi, na pengine ndiyo njia yake ya kusema kwamba naye ana wasiwasi, lakini hakimfundishi mtoto kutembea. Mtoto aliyeketi ndani yake hasukumwi kubeba uzito wake wala kutafuta mizani ya mwili, husukuma kwa vidole, na haoni miguu yake inavyokwenda. Zaidi ya hapo, humfikisha kwa kasi penye ngazi, jiko la mkaa au meza yenye chai ya moto kabla mtu mzima hajageuka. Nchi ya Kanada ilipiga marufuku uuzaji wa vigari hivyo mwaka 2004 kwa sababu ya majeraha ya watoto.

Chale nazo zikatae kabisa. Wembe unaweza kumwingizia mtoto pepopunda, homa ya ini au virusi vya UKIMWI, na dawa zisizojulikana kipimo chake zinaweza kumuumiza figo na ini. Kumfukia mchangani humtia baridi na hofu, na hakufanyi chochote kwa misuli ambayo inahitaji kujongea. Kumkanda kwa mafuta kwa mkono laini baada ya kuoga hakuna madhara, na kama mama mkwe angependa kuifanya kazi hiyo, mwachie, ilimradi viungo visivutwe wala kukunjwa kwa nguvu.

Kuhusu kalsiamu, usinunue kwa kubahatisha. Upo ugonjwa wa kulainika mifupa, unaotokana na upungufu wa vitamini D au kalsiamu, ambao huchelewesha kutembea na kuleta matege; dalili zake nyingine ni vifundo vya mikono kunenepa, meno kuchelewa kuota na utosi kutofunga kwa wakati. Hupatikana hata katika nchi zenye jua kama zetu, kwa watoto wanaofungiwa ndani kutwa nzima na kulishwa uji mtupu wa nafaka. Daktari akiuona, atatoa dawa kwa kipimo kinachofaa. Wewe kwa sasa mtoe nje apate jua la asubuhi, na katika uji au mboga yake tia dagaa waliosagwa pamoja na miiba yao, yai, maharage, na mboga za majani zilizopikwa kwa mafuta kidogo.

Baada ya hapo, mpe sakafu. Mtandikie mkeka, mwache peku, kwa sababu vidole vya mguu hujifunza kwa kushika ardhi. Weka kitu anachokipenda juu ya stuli ili ainuke kukifuata, kisha siku nyingine kisogeze upande wa pili wa kochi ili apite pembeni, na akizoea, acha pengo dogo kati ya kochi na kiti ili alazimike kunyoosha mkono mmoja na kuachia mwingine. Unapomsaidia kusimama, mshike nyonga badala ya kumning'iniza kwa mikono juu, maana akishikwa mikono hujifunza kukuegemea wewe. Kiti cha plastiki akisukume mbele yake huku ukiwa karibu. Keti naye mara nyingi kwa muda mfupi, na akichoka mwache acheze anavyotaka. Mbeleko usiiogope; mtoto aliyebebwa mgongoni huku mapaja yake yamepanuka hulindwa nyonga zake, mradi tu asishinde humo siku nzima. Na kwa kuwa sasa anasimama, ndoo za maji na majiko viondolewe mahali anapofikia.

Mazoezi haya si mambo ya kigeni kwetu. Katika miaka ya 1970 mtafiti Charles Super alikaa na familia za Wakipsigis katika kijiji cha Kokwet nchini Kenya, akaona jinsi akina mama na ndugu wakubwa walivyowafundisha watoto kukaa na kutembea kwa kuwazoeza kila siku, na watoto wale wakawahi katika mambo hayo waliyozoezwa kuliko watoto wa Kimarekani aliowalinganisha nao, ilhali katika kutambaa, ambako hawakufundishwa, hawakuwazidi. Dada yake mtoto, nyanya yake, na baba yake akiwapo nyumbani, wote wana nafasi kwenye mkeka huo.

Mwisho, naomba mumeo aende nawe siku ya uchunguzi. Usimwite kwa lawama. Mwambie kwamba daktari atauliza habari za ukoo wake ambazo wewe huzijui, nalo ni jambo la kweli. Akisikia kwa masikio yake mwenyewe maelezo ya daktari, yeye ndiye atakayeweza kuzungumza na mama yake kuhusu maneno ya kubemenda, kwa namna ambayo wewe kama mkwe huwezi. Kama mama mkwe ana nguvu za safari, naye aende. Nenda na kadi ya mtoto, karatasi za wodini, na maandishi ya yale uliyoyaona wakati wa kumwogesha, na ufike asubuhi mapema, kwa sababu uchunguzi wa namna hii unahitaji mtoto asiye na usingizi wala njaa.